Miezi Minane ya Melkiori

Mwezi uliopita tulimzika Melkiori nyumbani kwake Kibosho, katika migomba aliyoipanda baba yake. Binti yake mkubwa, Anjela, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Ni mwalimu, alisoma vizuri na bila haraka. Alipofika sehemu ya kazi alisema kwamba marehemu alijifunza uhasibu Moshi mjini akiwa kijana, lakini hakusajiliwa kwa kuwa hakutimiza masharti, akarudi nyumbani akawa karani wa chama cha msingi cha kahawa mpaka alipostaafu. Ilikuwa sentensi moja tu, kisha akaendelea na habari za kwaya na za wajukuu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele chini ya turubai pamoja na wazee wengine, fimbo yangu katikati ya magoti. Maneno yale mawili, hakutimiza masharti, niliyaandika mimi. Niliyapiga kwa taipureta, nakala tatu na kaboni katikati, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na sikujua kwamba yalipanda mlima yakakaa katika nyumba ile muda wote huo hadi watoto wakayajua kama wanavyojua jina la babu yao.

Mshereheshaji akauliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu, aseme machache. Watu wakanigeukia. Nilisimama nikasema kwamba tuliishi chumba kimoja, kwamba alikuwa mtu wa kazi na mwaminifu, na kwamba sijaona karani aliyepanga mafaili kama yeye. Wakaitikia kwa vichwa, nikakaa. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nimekuwa hodari wa kusema kweli ya namna hiyo tangu ujana, na mwaka nilipojifunza kuisema ndio ninaotaka kuuandika hapa.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika mtaa ambao asubuhi ukiwa hauna mawingu uliuona mlima mwishoni mwake kana kwamba barabara ilikuwa inaingia kwenye theluji. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Ratilal, mkaguzi wa hesabu, mzaliwa wa Moshi, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa Januari. Alijua kusalimia kwa Kichagga cha Kibosho na cha Marangu, na alitofautisha. Kulikuwa na chumba chake, chumba chetu, na kati yavyo ukuta wa mbao nyembamba uliopitisha kila kitu. Saa sita na nusu mkewe alituletea chakula kutoka nyumbani kwao nyuma ya jengo: chapati nyembamba kama karatasi, dengu, na achari ya embe mbichi ambayo ilimtoa Melkiori machozi kila siku na kila siku akaomba nyongeza. "Mama, hii pilipili inakagua tumbo," alimwambia, na mama yule, ambaye hakucheka ovyo, alicheka. Mimi nilikula kimya. Nilikuwa mwangalifu siku zile. Nilidhani mtu anayejichunga mdomo ndiye anayepanda.

Tulikuwa makarani wawili wenye cheti cha kidato cha nne, tunajifunza kazi. Ili uwe mhasibu kamili ilikubidi uingie katika umoja wa wahasibu wa kanda yetu, ambao wote tuliuita Umoja tu, wenye wanachama Moshi, Arusha na Tanga. Umoja ulikuwa na masharti yake. Ulipaswa kufaulu mitihani iliyokuja kwa posta, kufanya kazi miaka mitatu mfululizo chini ya mwanachama, na katika miaka hiyo kupata siku mia na ishirini za kukagua vitabu nje ya ofisi, huko huko kwa mwenye vitabu. Siku hizo ziliandikwa katika kijitabu cha jalada la kijani. Kila mwanafunzi alikuwa na chake. Ulijaza tarehe, mahali na kazi, na yule aliyekuwa juu yako katika kazi ile alitia saini. Kazi ndogo, kama ya chama cha msingi cha kahawa, ilihesabiwa kwa mwanafunzi mmoja tu, ili ofisi zisipeleke watu watano wakagawane siku za mtu mmoja. Ilikuwa kanuni nzuri. Nilikuja kuifundisha wengine baadaye, na kila nilipoifundisha nilitazama dirishani.

Mwaka ule ndio habari zilitoka Dar es Salaam kwamba serikali inaweka sheria ya wahasibu. Kutakuwa na daftari moja la nchi nzima, na asiyekuwemo hataweza kutia saini ripoti ya ukaguzi. Waliokwisha kuandikwa katika Umoja mpaka mwisho wa mwaka wangehamishiwa humo moja kwa moja. Waliochelewa wangeanza upya: chuo, Dar es Salaam, miaka. Kwa sisi wawili hesabu ilikuwa rahisi. Miaka yetu mitatu ilikuwa inatimia Septemba. Tulikuwa na mlango mmoja na ulikuwa unafungwa.

Tulipanga chumba Shirimatunda kwa mjane mmoja aliyefuga nguruwe. Kitanda kilikuwa kimoja. Tulilala zamu kwa wiki, wa kitandani na wa mkekani, na aliyelala kitandani ndiye aliyepika. Jumapili baada ya misa tulikaa nje kwenye benchi la mjane na masomo yetu ya posta, Melkiori akisoma kanuni za Umoja kwa sauti ya padri anayesoma matangazo ya ndoa: "Kama kuna mtu anayejua kizuizi cha kumfanya mwombaji huyu asikubaliwe, aseme sasa." Mjane alikuwa akitupa maganda kwa nguruwe, akasema, "Mimi najua. Hajalipa kodi ya mwezi wa pili." Tulicheka mpaka kitabu kikaanguka. Bado nausikia mzaha ule, na kwa sababu ninazozijua mwenyewe sijaweza kuucheka tena.

Mwanzoni mwa mwaka baba yake Melkiori alipooza upande mmoja. Melkiori alikuwa kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba, shamba la ukoo, na ndiye anayewatunza wazee. Kaka zake walikuwa na vihamba vyao na maisha yao. Hakuna aliyemwambia apande, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Alikwenda kwa Bwana Ratilal kuaga. Niliyasikia mazungumzo yao kupitia mbao.

"Nikiondoka, miaka yangu mitatu itakatika," alisema Melkiori.

"Nani kasema unaondoka?" Bwana Ratilal akajibu. "Kuna vyama vya msingi vingapi huko kwenu vinavyosubiri kukaguliwa? Kila mwaka nahangaika kutafuta mtu wa kupanda. Wewe uko huko tayari. Asubuhi mgeuze mzee, mlishe, kisha nenda kwenye kazi. Aloyce atapanda kila Ijumaa kuangalia, maana katika karatasi yeye ndiye mkubwa wa kazi hiyo. Atasaini kitabu chako."

Aloyce ni mimi. Nilikuwa mkubwa wa kazi kwa sababu nilianza kazi wiki tatu kabla yake.

Ikawa hivyo kwa miezi minane. Melkiori alikagua vyama sita vya mteremko ule, kimoja baada ya kingine. Ijumaa nilipanda kwa lori la maziwa lililokuwa linarudi tupu, na mvua za masika zilipochimba barabara nilishuka nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Nilimkuta nyumbani kwao, katika chumba walichohifadhi kahawa iliyokaushwa, magunia hadi dirishani, meza imewekwa katika uwazi uliobaki. Harufu ya kahawa mbichi si ile ya kahawa ya kunywa. Ni kama ya nyasi kavu zilizonyeshewa kidogo. Upande wa pili wa ukuta baba yake alikuwa anakoroma au anagonga kwa mkono ule mzima, na Melkiori aliweka kalamu, akaenda, akarudi, akaanza tena pale pale alipoachia bila kutafuta mstari. Alikuwa na karatasi zilizopangwa kiasi kwamba kazi yangu ya kuangalia ilikwisha kabla mtori wa ndizi haujaiva.

Mama yake alileta mtori katika bakuli la udongo, mzito, nyama juu. Alinihesabia mimi vipande zaidi. "Kula, baba," alisema. "Mji unakausha watu. Tazama shingo."

"Mama, huyo ni mkubwa wangu wa kazi," Melkiori alisema. "Ukimnyima nyama hanisainii."

"Basi chukua na hiki," akasema mama, akaniongezea kipande cha mwanawe.

Nilikila. Nasema hivi kwa sababu nakumbuka kipande chenyewe: kilikuwa na mfupa mdogo, na nilinyonya uboho. Kijitabu cha kijani cha Melkiori kilikuwa mezani wazi, mistari imejazwa kwa mwandiko wake wa kulala upande, mahali pa saini patupu. Nikasema nitasaini yote pamoja mwishoni, ili kalamu iwe moja. Akasema haya.

Sasa niseme habari ya kijitabu changu. Mimi nilikuwa na siku arobaini na moja za nje, basi. Zilizobaki nilizipoteza Himo. Nilikuwa na mchumba kule, na Bwana Ratilal aliponituma kukagua maduka na vinu vya upande ule nilimaliza kazi ya siku tano kwa siku mbili na kuzitumia zile tatu kukaa kwenye baraza la akina binti yule nikinywa soda. Si dhambi kubwa ya kijana. Lakini mwezi wa Julai nilizijumlisha siku zangu. Nilikuwa nimebakiza siku sabini na tisa, na hakukuwa na kazi za nje zilizobaki isipokuwa zile za vyama vya Kibosho, ambazo zilikuwa zinahesabiwa kwa mtu mmoja.

Sikukaa nikapanga. Ningependa msomaji aamini hivyo, ingawa siku hizi hata mimi siamini sana. Nilianza na chama kimoja. Nilijiambia kwamba hicho nilikiangalia zaidi kuliko vingine, kwamba ule muda wa kupanda na kushuka nao ni kazi, kwamba Melkiori ana siku nyingi na atabaki na za kutosha. Nikakiandika katika kitabu changu. Wiki iliyofuata nikaandika cha pili. Nilipofika cha nne siku zilitimia mia na ishirini na tatu, nikaacha, kana kwamba kuacha kwenyewe ni uaminifu. Bwana Ratilal alisaini kitabu changu bila kukifungua kurasa za ndani, kwa sababu wakati huo nyumba yake ilikuwa imetaifishwa pamoja na jengo la ofisi, na alikuwa anafunga masanduku. Mkewe hakutuletea tena chakula. Tulisikia sahani zikifungwa kwenye magazeti, siku nzima, sahani na gazeti, sahani na gazeti.

Siku ya mwisho aliniita. Rafu zilikuwa tupu na ukutani pamebaki alama nyeupe ya kalenda. Alikuwa amevaa sweta mbili.

"Jumatano tunaondoka," alisema. "Wewe umeshaingia Umoja, nimefurahi. Kitabu cha Melkiori bado. Mimi siwezi kusaini ile miezi ya mlimani, sikuiona kwa macho yangu. Kanuni ni kanuni. Wewe umeiona. Usimwache."

"Sitamwacha, Bwana."

"Yule ni bora kuliko wewe," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma kipimo cha mvua. "Unalijua hilo?"

Nikasema najua. Akanipa kalamu yake ya wino, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Nimeandika mara nyingi kwamba aliniumiza kwa maneno yale, nikayafuta. Hakuniumiza. Alikuwa ananiamini kiasi cha kuniambia.

Kamati ya wanachama ya Umoja ilikutana katika chumba cha nyuma cha hoteli moja karibu na soko, mezani pamewekwa sambusa na birika la chai. Mwenyekiti alikuwa Bwana Anselmi, mtu wa Kilema, mkubwa wa umri, mkali na mwadilifu. Mwingine alikuwa Bwana Gurdial, Singasinga mwenye karakana na ofisi ya hesabu pamoja, na wa tatu alitoka Arusha kwa basi na daima alikuwa na haraka ya kulirudia. Kwa kuwa nilijua kupiga taipu na mwandiko wangu ulisomeka, mwezi mmoja tu baada ya kuandikishwa walinifanya mwandishi wa kamati. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilivaa tai.

Nilikuwa namimina chai niliposikia wanavyozungumza kabla ya kikao.

"Dar wanatutazama," alisema Bwana Anselmi. "Wanasema huku kaskazini kila mwenye kalamu ni mhasibu."

"Na kila mwenye spana ni injinia," akasema Bwana Gurdial. "Hilo angalau ni kweli."

"Mimi sicheki, Bwana Gurdial. Tukipeleka majina mabovu, watafuta orodha nzima. Bora tukose watu kumi wazuri kuliko kupitisha mmoja asiyestahili."

Yule wa Arusha akatazama saa yake. Mimi, yule mmoja asiyestahili, nilikuwa nimeshika birika.

Faili la Melkiori lilikuwa la tano. Mitihani yote alikuwa ameifaulu, mmoja kwa alama za juu kuliko mtu yeyote wa kanda. Bwana Anselmi alifungua kitabu cha kijani, akafunua, akafunua tena, akakigeuza kwangu. Mistari ilikuwa imejaa, saini hakuna. Nilikuwa nimechukua kitabu kile kwa Melkiori ili nikisaini; kilikaa katika droo yangu wiki mbili, na mwishowe nilikiweka katika faili kama kilivyo. Ningekisaini, siku zile zile, vyama vile vile, vingekuwa katika vitabu viwili, na mwenyekiti yule alikuwa na kumbukumbu.

"Bwana Aloyce," akasema, "wewe ulikuwa ofisi moja naye. Hii miezi minane alikuwa ofisini?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwao, Kibosho. Baba yake aliugua."

"Maskini," akasema Bwana Gurdial. "Mtoto mzuri basi. Hakuna ruhusa ya namna hiyo katika kanuni?"

"Kanuni inasema mfululizo," Bwana Anselmi akajibu. Akaningoja. Nakumbuka vizuri kwamba aliningoja. Aliweka kidole kwenye ukurasa akanitazama juu ya miwani, na nje muuza ndizi alikuwa anabishana na mteja, na ningeweza kusema: alikuwa kazini, miezi yote minane, nimeshuhudia, na siku themanini na mbili zilizo katika kitabu changu ni zake. Ningepoteza jina langu kabla wino haujakauka. Nilichukua sambusa nikaiweka kwenye kisahani. Akagonga mhuri, akasema niandike: hajatimiza masharti.

Niliandika barua siku ile ile mchana. Mwandishi mzuri hacheleweshi barua.

Melkiori alishuka Jumamosi. Alikuja Shirimatunda na mkungu wa ndizi begani kama kawaida, akauweka mlangoni kwa mjane, akaingia. Barua ilikuwa imemfikia kupitia parokia. Aliikunjua juu ya kitanda, ambacho tangu alipopanda kilikuwa changu kila wiki.

"Hii ni taipureta yetu," alisema. "Ile herufi ya e iliyojaa wino."

"Ndiyo. Mimi ndiye mwandishi."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Hukuwaambia kwamba nilikuwa nakagua vile vyama?"

Nikasema, "Hawakuniuliza."

Hakuwa mtu wa hasira. Nadhani alikuwa anajaribu kuelewa kama anavyoelewa ukurasa ambao haulingani. Kisha akasema, "Basi saini sasa. Mwaka haujaisha. Kitabu unacho."

"Kamati haikai tena mwaka huu," nikamwambia. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba mwenyekiti anaweza kupokea saini iliyosahaulika hata nje ya kikao, na kwamba fomu ya kufanya hivyo ilikuwa katika droo yangu, na kwamba zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Alichukua blanketi lake, vitabu vyake, na sufuria ndogo, kwa sababu ile kubwa ilikuwa yangu. Mlangoni mjane akamuuliza kulikoni anabeba vitu. "Narudi kwa mzee, mama," akamjibu. "Umoja umesema mimi ni mkulima." Akacheka kidogo. Ndizi aliziacha. Nilizila wiki nzima, kwa sababu zilikuwa zinaiva na chakula hakitupwi.

Mwezi wa Januari jina langu lilihamishiwa Dar es Salaam pamoja na mengine. Kwa miaka thelathini nilikagua vyama vya msingi vya mteremko ule ule na kutia saini ripoti zake kwa kalamu ya Bwana Ratilal. Binti wa Himo nilimwoa. Ametangulia mbele za haki, hakuwahi kujua alichonigharimu wala nilichomgharimu mwingine. Kila mwaka nilipofika katika chama cha Kibosho niliyemkuta nyuma ya meza alikuwa Melkiori, karani. Alikuwa amepanga kila kitu. Nilikaa kwenye kiti nilichoandaliwa, nikafungua mafaili ambayo hayakuwa na kosa, nikasaini chini ya kazi yake, kama mwanzo. Tulikuwa tumezaliwa mwaka mmoja, lakini kila nilipoingia alisimama na kusema mbele ya wanakamati wake, "Shikamoo, Mkaguzi." Watu walicheka wakidhani ni utani wa vijana waliosoma pamoja. Nami niliitikia, "Marahaba." Ningefanya nini? Kukataa shikamoo mbele za watu ni kueleza sababu.

Kwetu ukimkosea mtu unamchumia jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani na juu ya makaburi, unalipeleka kwake, na akiliona hawezi kukataa kukusamehe. Nimeona kaka waliotaka kuuana wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, katika kibuyu kimoja kwa sababu ya jani lile. Nyumba yangu imezungukwa na isale. Mara tatu nilichuma, mara moja nikafika nalo hadi daraja la mto wa kwao, nikalitupa majini. Jani linamlazimu asamehe, lakini kwanza linakulazimu wewe useme kosa ni nini. Nilikuwa tayari kwa kusamehewa, si kwa kusema.

Siku ile ya mazishi, wakati wa kuweka mashada, mkewe Melkiori alinipa mche wa isale niupande kichwani mwa kaburi. "Wewe ndiye rafiki yake wa zamani, baba," alisema. Nilipiga magoti kwa shida, vijana wakanishika kwapa. Udongo ulikuwa laini. Niliupanda, nikaushindilia kwa kiganja, na sikusema kitu, na marehemu naye hakusema.

Kesho yake nilimwomba Anjela tukae. Tulikaa katika chumba kile. Magunia hayapo, siku hizi wanaweka kiti cha plastiki na mashine ya kusaga. Nilimwambia kama nilivyoandika hapa, nikaanza na siku sabini na tisa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja la mwalimu: "Kwa hiyo alitimiza?"

"Alitimiza. Alizidisha."

"Tangu nikiwa mdogo alituambia hakutimiza," alisema. "Alituambia tusome mpaka mwisho tusije tukawa kama yeye." Akaamka, akaenda jikoni, nikasikia maji yakimiminwa muda mrefu kuliko maji ya kunywa yanavyohitaji. Hakurudi. Nilijiondokea taratibu, nikamwachia mkewe Melkiori salamu.

Wiki iliyopita nilipiga simu Dar es Salaam, kwenye ofisi ya daftari la wahasibu. Akapokea binti mwenye sauti changamfu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mtu aandikwe katika daftari. Alitimiza masharti yote tangu zamani, kasoro saini yangu. Sasa nasaini."

"Sawa, mzee. Huyo mwombaji yuko wapi?"

"Tumemzika mwezi uliopita."

"Pole sana, mzee. Lakini marehemu huwa tunawaondoa. Hatuna namna ya kuwaingiza."

Nikamwambia nimeelewa. Basi, nikasema, aliondoe jina langu. Nikamtajia namba, nikasikia akibonyeza. Akasema kompyuta inadai sababu, na sababu ziko tatu: kustaafu, kufariki, au kutolipa ada. Achague ipi?

"Andika hajatimiza masharti."

"Hiyo ipo, mzee," akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara, "ila hiyo ni ya waombaji. Wewe ulishakubaliwa."